Tawi la urithi ufuoni: daftari kwanza, jumba baadaye

Kikundi cha urithi kikizaliwa kando ya ziwa, jambo la kwanza kutajwa mkutanoni huwa ni jumba: chumba cha mabati karibu na banda la samaki, rafu za vyungu, kibao barabarani na mheshimiwa wa kukata utepe. Jumba linakula michango ya mwaka mzima. Mlango ukifunguliwa, ndani mna vyungu vinne na wavu mmoja ambao hakuna anayejua ulitoka kwa nani. Huku tutakwenda njia nyingine. Tutaanza na daftari la kuorodhesha vitu, picha na masimulizi, kwa sababu tawi, yaani kikundi cha urithi cha ufuo wenu, lenye daftari zuri linaweza kukaa miaka mitano bila jumba na lisipungukiwe, ilhali jumba lisilo na daftari ni stoo tu.

Mifano mingi humu ni ya Kisumu na majirani wake, Dunga, Usoma, Asembo Bay, Kendu Bay, Homa Bay, lakini kazi ni ile ile kuanzia Port Victoria hadi Muhuru Bay.

Watu na karatasi

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Anzeni na 15 au zaidi, maana wawili watahamia Nairobi na watatu watakuja siku ya soda tu. Usajili hufanyiwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Nendeni na katiba, muhtasari wa mkutano uliochagua viongozi wenye saini za waliohudhuria, orodha ya wanachama na nakala za vitambulisho. Ada iulizeni pale pale ofisini, msiende na bei ya kusikia. Mkiwa tawi la chama kilichosajiliwa kwingine, ombeni barua ya makao makuu inayowatambua, na muulize mapema kama tawi linaruhusiwa kuwa na akaunti yake.

Kuchagua watu ni kugumu kuliko karatasi. Tafuteni mvuvi aliyestaafu, fundi wa mashua, mama aliyekaanga samaki pale miaka mingi, mtu wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo), mwalimu, na vijana wawili wenye simu nzuri na subira. Kisha angalieni ni nani hayupo. Kisumu yenyewe ni mji wa reli. Treni ilifika ziwani Desemba 1901 na mahali pakaitwa Port Florence, na nyuma ya reli walikuja wenye maduka kutoka Bara Hindi, Wanubi, Waswahili na makuli wa bandari. Ukienda Kaloleni mjini au Kendu Bay ya zamani, historia ya ufuo iko msikitini na kwenye maduka yenye mabaraza kama ilivyo kwenye mitumbwi. Kikundi kilichojaa watu wa ukoo mmoja kitarekodi ukoo mmoja, na wengine watakinyima picha zao za zamani bila kusema kwa nini.

Katiba nyingi hunakiliwa kutoka kwa chama cha kina mama cha mkopo. Hilo si baya, ila ongezeni vifungu vitatu ambavyo chama cha mkopo hakivihitaji. Cha kwanza ni hatima ya vitu, na kinaweza kuandikwa hivi: "Tawi likivunjika, kila kitu kitarudishwa kwa mwenyewe aliyetajwa kwenye daftari; kisicho na mwenyewe kitapelekwa makumbusho ya umma yaliyo karibu." (Ya Kisumu yalifunguliwa 1980, na ni vizuri kumjua mhifadhi wake kabla hamjamhitaji.) Cha pili kiseme ni nani anayeweza kuruhusu nakala ya picha au sauti itoke nje ya tawi. Cha tatu kikataze kitu chochote kulala nyumbani kwa kiongozi bila kuandikwa. Hiki cha tatu ndicho huleta ugomvi mkubwa kuliko vyote, hasa mwenyekiti akiwa mtu mwenye sebule kubwa.

Pesa zisipitie namba ya simu ya mweka hazina. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wawili wakihitajika kutoa. Wanachama 20 wakichanga shilingi 100 kwa mwezi, mna 24,000 kwa mwaka. Hizo zinatosha daftari, kadi za kumbukumbu, masanduku, na nauli za kwenda kwa wazee. Hazitoshi jumba, na ni heri ionekane mapema.

Daftari lenyewe

Nunueni kaunta buku nene ya jalada gumu. Kompyuta ije baadaye kama nakala. Daftari halihitaji stima, na mwanachama yeyote anaweza kulifungua akaona kilichoandikwa. Tumieni kalamu ya kawaida ya wino mzito. Zile za jeli huandika vizuri, lakini tone moja la maji kutoka kwa paa bovu hufuta ukurasa.

Kila kitu, kila picha, kila mazungumzo yaliyorekodiwa hupata namba moja, kwa mfuatano, na namba hiyo haipewi kitu kingine milele, hata kitu cha kwanza kikirudishwa. Tangulizeni herufi tatu za mahali. Ingizo kamili huonekana hivi:

DUN/014. Osadhi. Mtego wa samaki wa vijiti vilivyofumwa, umbo la faneli. Urefu sm 92, mdomo sm 41. Ulimi wa ndani umevunjika vijiti 3. Mkopo wa miaka 2 kutoka kwa familia ya aliyeutumia. Ulitegwa mtoni, kwenye uwazi wa kek. Picha 014a, 014b. Uko: rafu ya 2.

Tazama jina. Limeandikwa kwa Kijaluo kwanza, na Kiswahili kimekuja kama maelezo. Kishawishi ni kuandika "dema" au "mgono" ili msomaji wa kila mahali aelewe. Lakini dema ni mtego wa baharini wenye umbo na kazi yake, na mgono una wenyewe. Ukishaandika "dema", miaka 20 baadaye hakuna atakayejua kama mlikuwa na osadhi au kitu alicholeta mtu kutoka Lamu. Vivyo hivyo kwa kek, ule ukuta wa vijiti unaozuia mto ili samaki aelekezwe mtegoni. Andika kek, kisha eleza.

Tazama pia vile vijiti 3 vilivyovunjika. Hali ya kitu siku kilipofika ni ngao yenu. Mwenye mtego akija kuudai na kukuta umevunjika, ukurasa utasema.

Mkikosea, pigeni mstari mmoja juu ya kosa, andikeni sahihi pembeni, wekeni herufi za jina na tarehe. Kifutio cheupe kisionekane karibu na daftari hili. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kijana mmoja apige picha kurasa mpya na kuzihifadhi mahali pawili tofauti.

Na mwenye kitu apewe karatasi. Risiti buku ya kaboni inatosha: namba, jina la kitu, zawadi au mkopo, hadi lini, saini mbili. Neno "ametupatia" ni sumu. Kwa mama mzee, "nimewapatia" huweza kuwa "kaeni nacho mpaka mjukuu wangu ajenge". Uliza wazi, mbele ya mtoto wake mmoja: "Dani (bibi), tukae nacho moja kwa moja, au tunakiazima?"

Kurekodi wazee

Simu ya kawaida inatosha, lakini ufuo una adui wake, ambaye ni upepo. Asubuhi ziwa limetulia. Kuanzia adhuhuri upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na kwenye kipaza sauti cha simu huo ni ngurumo inayofunika maneno yote. Rekodini kati ya saa 2 na saa 5 asubuhi, ndani ya nyumba au upande wa nyumba unaokinga upepo. Paa la bati na mvua haviendani, kwa hiyo Machi hadi Mei msipange mazungumzo ya alasiri.

Weka simu katika hali ya ndege ili isiite katikati. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 hadi 40 kutoka kinywani mwa msemaji, kamwe si juu ya meza tupu, kwa sababu kila kikombe kinachowekwa mezani kitasikika kama nyundo. Kuku wafukuzwe kabla. Programu ya kurekodi ikikuruhusu kuchagua, chagua WAV chaneli moja. Hula takribani megabaiti 300 kwa saa, hivyo kadi ya gigabaiti 32 hubeba karibu saa 100. Rekodi dakika moja ya majaribio, isikilize kwa spika za masikioni, ndipo uanze.

Sentensi ya kwanza ya kila rekodi isemwe na anayehoji: tarehe, mahali, jina la msemaji, na kwamba ameruhusu. Mafaili hubadilishwa majina na kupotea, ila sauti iliyojitaja yenyewe hutambulika popote.

Ruhusa si swali moja, ni manne. Je, tuhifadhi? Je, tuwachezee watu wengine? Je, tutaje jina lako? Je, tuweke mtandaoni? Wengi husema ndiyo kwa mawili ya kwanza na hapana kwa la mwisho, na ni haki yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu majina na sauti za watu hata kama ninyi ni kikundi kidogo. Na mzee akieleza dawa ya mitishamba au mambo ya mizimu, zima au weka alama ya "isitolewe", maana maarifa hayo yana ulinzi wake katika sheria ya 2016 ya maarifa ya jadi, na jamii yenyewe ndiyo mwenye neno.

Maswali mapana hupata majibu ya redioni. Ukimuuliza mzee "Zamani mlivua vipi?" atakupa hotuba ambayo ungeweza kuiandika mwenyewe: samaki walikuwa wengi, vijana walikuwa na heshima. Mpe kitu mkononi. "Jaduong' (mzee), huu mtego ungeutega wapi, mdomo ukiangalia wapi?" Hapo ataanza kuonyesha kwa mikono, atasema ni mwezi gani mto unajaa, samaki aina ya ningu wanapanda lini, nani aliruhusiwa kujenga kek na nani hakuruhusiwa. Mwambie mwenzako apige picha za mikono hiyo.

Dakika 45 hadi 60 zinatosha kwa siku. Msilipe pesa kwa mazungumzo. Pelekeni sukari na majani ya chai, kama mgeni yeyote mwenye adabu. Ukianza kulipa, baada ya miezi miwili kutakuwa na hadithi za kuuzwa, na zile ndefu ndizo zitakazokuwa za uongo.

Hadithi moja ikisimuliwa na watu wanne, ni ingizo nne. Kisa cha Simbi Nyaima, lile ziwa dogo karibu na Kendu Bay, kijiji kilichozama baada ya kumfukuza mwanamke mzee, kila mtu anacho. Kwa mmoja walikuwa wakinywa pombe, kwa mwingine ilikuwa sherehe, kwa wa tatu kuna mwanamke mmoja aliyemhurumia akaokoka. Msizichanganye kutengeneza moja safi. Tofauti zenyewe ndizo zitakazomfaa mtafiti.

Kuandika neno kwa neno saa moja ya sauti huchukua saa tano au sita, na hapo ndipo matawi mengi hukwama, rekodi 40 na kurasa sifuri. Fanyeni fahirisi badala yake, mstari mmoja kwa kila dakika tano: "00–05 kuzaliwa Usoma, 05–10 boti ya kwanza, bei ya nyavu, 10–15 gugumaji". Kazi ya dakika 90, na mtu ataweza kutafuta. Andikeni neno kwa neno zile dakika tu ambazo mtazitumia.

Msitume sauti wala picha za hifadhi kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwani hubanwa na ubora hupotea. Tumeni kama dokumenti, au hamisheni kwa waya.

Kupata mwaka pasipo kalenda

"Nilikuwa mdogo" si tarehe. Tengenezeni karatasi ya matukio ambayo mzee wa huku anaweza kuning'iniza maisha yake juu yake: vita vya 1914 hadi 1918 na wapagazi wa jeshi, Carrier Corps au Kariakoo (kwa yale aliyoambiwa na babake), nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930, mvua kubwa za 1961, Uhuru 1963, kuuawa kwa Tom Mboya Julai 1969, mbuta (sangara) kujaa sokoni miaka ya 1980, gugumaji kuziba ghuba mwishoni mwa miaka ya 1990, maji ya 2020. Kisha ulizeni: ulikuwa umeolewa mvua zile zilipokuja? Mtoto yupi alikuwa mgongoni? Cheti cha mtoto huyo, kama kipo, hufunga mwaka. Kwenye daftari andikeni "kati ya 1961 na 1963", msiandike 1962 kwa kuwa linapendeza.

Alama za maji

Kama tawi lenu litafanya jambo moja tu ambalo hakuna mwingine atalifanya, liwe hili. Kila ufuo una watu wanaoonyesha ukuta au mti na kusema maji yalifika hapa. Ukuta hupakwa rangi, mti hukatwa, mzee huondoka.

Baada ya mvua za 1961 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, likafika kilele 1964. Kisha likashuka taratibu, watu wakajenga, na Mei 2020 likarudi kwenye kimo kile kile na kupita kidogo tu. Ukweli huo unawapa kipimo cha kukagua hadithi. Vilele viwili vilikaribiana sana, kwa hiyo mtu akikuonyesha alama ya miaka ya 1960 iliyo mita moja juu ya maji ya 2020 mahali hapo hapo, kuna maelezo mawili. Ama ilikuwa mafuriko ya mto au maji ya mvua yaliyokuwa yakishuka kuelekea ziwani, ama ardhi pale imejazwa au kuchimbwa. Katika uwanda wa Kano hasa, mto Nyando na ziwa huchanganywa. Swali la kuwatenganisha ni jepesi: yalikaa muda gani? Ya mto huja usiku na kuondoka baada ya siku chache, yakiacha tope. Ya ziwa huingia polepole na kukaa miezi, na togo (mafunjo) huota mlangoni.

Vifaa ni mpira wa maji wa mafundi, ule unaopitisha mwanga, mita 10 au zaidi, futi kamba, misumari ya zege na rangi. Chagueni kwanza pointi ya kudumu: kizingiti cha zege cha msikiti, shule au ghala, kisiwe kitu cha mtu binafsi anayeweza kukivunja kesho. Pigilieni msumari, upigeni picha, uandikeni daftarini kwa maelezo ambayo mgeni angeufikia bila kuuliza.

Jazeni mpira kutoka kwenye ndoo iliyo juu, kwa kunyonya, hadi maji yapite mfululizo. Hapa ndipo makosa huingia. Kiputo kimoja cha hewa katikati ya mpira huharibu kipimo kwa sentimita kadhaa, na hakionekani ukiwa na haraka. Unyoosheni mpira wote chini na kuukagua kwa macho toka mwanzo hadi mwisho. Wekeni ncha mbili bega kwa bega kwanza: maji yasipolingana hapo, hayatalingana kokote. Mkitembea, zibeni ncha zote kwa gumba. Kisha ncha moja ishikwe kwenye msumari na nyingine kwenye ukuta wenye alama. Maji yakitulia, pimeni kutoka usawa wa maji hadi alama, juu au chini. Rudieni mara tatu. Vipimo vikitofautiana zaidi ya sentimita 1, kiputo kimo.

Mwisho, unganisheni msumari na ziwa la leo, kwa njia ile ile, kwa hatua kadhaa kama ni mbali. Fanyeni asubuhi na mapema kabla ya upepo, kwa sababu katika ghuba ya Winam upepo wa mchana husukuma maji upande mmoja, na mtapima upepo. Rudieni siku tatu tofauti, andikeni tarehe na saa. Mwenye vipimo rasmi vya kimo cha ziwa ataweza kufasiri chenu baadaye. Bila tarehe hataweza.

Kuweka mahali kwenye ramani

Simu ikae wazi mahali pamoja dakika mbili, hadi usahihi unaoonyeshwa ushuke kwenye mita 5, ndipo mnakili. Andikeni kwa desimali na alama yake. Kisumu iko kusini kidogo mwa ikweta, karibu −0.09, na ile alama ndogo ya kutoa husahauliwa kila siku. Ukiiacha, gati la Kisumu linahamia karibu na Mbale, Vihiga, kilomita 20 kaskazini, mahali pasipo hata bwawa. Kagueni kila pointi kwa kuifungua tena kwenye ramani kabla ya kuondoka pale.

Makaburi, sehemu za sala na miti ya matambiko ipimwe tu kwa idhini, na namba zake zisiondoke kwenye daftari. Mahali kama Kit Mikayi, yale mawe marefu ya Seme, hapana siri, watu huja kwa mabasi. Lakini pango dogo ambapo ukoo mmoja huomba mvua halihitaji watalii.

Picha na vitu vya watu

Picha za zamani zirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Zipigeni papo hapo: picha chini karibu na mlango, mwanga wa kando, bila mmweko, karatasi nyeupe upande wa pili kurudisha mwanga, simu sambamba kabisa na picha. Picha ya sm 10 kwa 15 ikijaza fremu ya simu ya megapikseli 12, mmepata kiasi cha skana nzuri. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu isibanduliwe, itaacha sura za watu kwenye kioo. Ipigeni kupitia kioo, mtu mmoja akiwa ameinua kitambaa cheusi nyuma ya mpigaji ili kuua mng'ao. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, 2B, karibu na ukingo. Kalamu hupenya ikatokea usoni mwa bibi harusi. Na msilaminishe chochote, maana haifunguki tena.

Vitu vikae angalau sentimita 15 juu ya sakafu na kiganja kimoja mbali na ukuta, ili mchwa wakija muone njia yao. Sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana sana hufungia unyevu wa ziwa ndani na kuotesha ukungu. Toboeni matundu machache na kuyafunika kwa wavu wa mbu. Mitego, mikeka ya togo na vibuyu vipanguswe kwa brashi laini kavu. Visioshwe. Visipakwe vanishi, hata kama mgeni wa heshima anakuja. Wadudu wakionekana kwenye kitu kidogo, kifungeni kwenye mfuko wa plastiki na kukiweka kwenye friza ya samaki kwa wiki moja, kiachwe kirudi joto la kawaida siku nzima kabla ya kufungua mfuko, la sivyo umande utatanda juu yake. (Mwenye friza aambiwe kilichomo.) Namba ifungwe kwa uzi wa pamba na lebo ya kadibodi, msiandike juu ya kitu.

Mashua kuukuu ni tatizo la peke yake. Ikitoka majini na kuachwa juani, mbao hupasuka ndani ya wiki chache. Iwekeni kivulini juu ya magogo matatu, ikauke polepole miezi kadhaa chini ya magunia yanayolowanishwa kila mara kwa uchache zaidi. Kama hamna kivuli wala mtu wa kulowanisha, ipimeni, ichoreni, ipigeni picha kila kiungo na mwacheni mwenyewe aitumie. Mchoro mzuri wenye vipimo ni bora kuliko kuni.

Vinavyotoka ardhini

Ziwa likishuka baada ya kupanda, kingo huachwa zimeoshwa na vigae hutokeza. Kuna vya jana, kuna vya kale sana. Vile vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali huko Siaya, hutambulika kwa mistari iliyochorwa kwa makini chini ya mdomo na mara nyingine kibonyeo kitakoni kama cha gumba. Kandokando ya ghuba kuna pia marundo ya kombe za kale, mabaki ya chakula cha wavuvi waliotangulia.

Msichimbe, hata kwa kijiko. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inataka leseni kwa uchimbaji, na anayegundua kitu cha kale ana siku 7 kuwaarifu Makumbusho ya Taifa na kueleza mahali hasa. Kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kina ulinzi maalum. Kwa tawi kazi ni nne: piga picha kikiwa pale pale na kalamu kando yake kuonyesha ukubwa, chukua pointi ya ramani, weka alama ya jiwe hatua tano kando, piga simu. Kigae kilichookotwa na kuoshwa vizuri na mtoto wa shule kimepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake, maana hakuna ajuaye kilikuwa tabaka lipi.

Siku ya wageni

Mara moja kwa mwaka inatosha. Toeni vitu visivyozidi 20, mezani, kila kimoja na mtu wake anayejua kukieleza. Mnaowabeba kwa boti wavae maboya ya kuokolea, bila mjadala, na safari iwe ya asubuhi. Mwanasiasa akitaka kuja, aje asikilize. Ratiba ichapishwe na dakika zake ziandikwe.

Wiki baada ya siku hiyo, kagueni. Watu wawili, mmoja akisoma daftari na mwingine akishika kitu, toka namba ya kwanza hadi ya mwisho. Kilichoonekana kiwekewe tiki na tarehe. Kisichoonekana kisifutwe: andikeni "haipo", tarehe, herufi za majina ya wote wawili, na mwendelee na namba inayofuata.